Urithi wa Wazee katika Visiwa vya Hawaii

Mwezi huu twataka kuwasafirisha wasomaji wetu mpaka visiwa vya Hawaii. Mwalimu atakayeisoma habari hii mbele ya watoto na afungue ramani ya Bahari ya Pasifiki, atafute mahali palipo maji matupu pande zote, maili 2,400 hivi magharibi ya pwani ya Marekani. Hapo ataviona visiwa vimepangana kama shanga zilizokatika uzi. Vilivyo vikubwa ni vinane, na kikubwa kuliko vyote ndicho kiitwacho Hawaii, kilichovipa vingine jina lake. Tangu mwaka 1959 visiwa hivi ni jimbo mojawapo la Marekani. Lakini hapo kale vilikuwa nchi yenye wafalme wake, lugha yake na desturi zake, na wenyeji wa asili wangaliko hata leo.

Watu wengi wakisikia jina la Hawaii huwaza pwani za kustarehe na wageni waliovikwa mashada ya maua. Hayo tumeyaacha kwa wafanyao biashara ya wageni. Sisi tumetaka kueleza jinsi watu hao walivyokaribia kupotewa na lugha na elimu ya wazee wao, hata ikakadiriwa kwamba watoto wasemao lugha ya kwao hawafiki hamsini, kisha wakageuka na kurudi. Walirudi kwa njia ambayo kila nyumba yaweza kuielewa: waliwaketisha tena wazee na watoto mahali pamoja, wakawapa kazi moja.

Yafaa kwanza tueleze jamaa ya Kihawaii ilivyojengwa. Chakula chao kikuu cha tangu zamani ni gimbi, lile lile tulijualo sisi, ambalo wengine huliita nduma. Wao huliita kalo. Hulilima katika majaruba ya maji, hulipika, kisha huliponda kwa mchi wa jiwe mpaka liwe uji mzito uitwao poi. Masimulizi ya wazee wao yasema kwamba mtoto wa kwanza wa kabila alizaliwa mfu, akazikwa karibu na nyumba, na pale kaburini pakaota gimbi. Mtoto wa pili alizaliwa mzima, akapewa jina la nduguye, Haloa, na kwake wakatoka watu wote. Basi gimbi ni kaka, na mwanadamu ni mdogo wake. Mdogo humtunza kaka, na kaka humlisha mdogo. Hata neno lao la jamaa, ohana, latokana na oha, yaani machipukizi yatokayo ubavuni mwa gimbi mama, ambayo mkulima huyang'oa na kuyapanda tena. Aliyepata kulima magimbi hana haja ya kuelezwa zaidi.

Katika jamaa hiyo ilikuwako desturi iitwayo hanai, yaani kulea. Mtoto wa kwanza akiwa mwanamume, wazee wa upande wa baba walikuwa na haki ya kumtwaa. Akiwa mwanamke, haki ilikuwa ya wazee wa upande wa mama. Babu na bibi wakimtaka walipewa, wakamlea nyumbani kwao kama mtoto wao. Jambo hili halikuletwa na umaskini wala kufiwa. Wazazi vijana walikuwa na kazi za shamba na bahari mchana kutwa, na wazee ndio waliokuwa na nafasi na maneno. Mtoto aliyelelewa hivyo alijua nasaba za ukoo, nyimbo, majani ya dawa, na majina ya pepo na ya mvua. Maana huko mvua ya bonde moja ina jina lake, na mvua ya bonde la pili ina jina lingine. Alipokuwa mtu mzima, jamaa wote walimwendea yeye walipotaka kukumbuka jambo. Huku kwetu nako ni nyumba chache zisizokuwa na mjukuu aliyelelewa na bibi yake, hata twadhani wasomaji hawataona ugeni mwingi katika desturi hii.

Tutatoa mfano wa mtoto mmoja. Mwaka 1895 alizaliwa msichana katika wilaya ya Kau, kusini ya kisiwa kikubwa. Baba yake alikuwa Mmarekani wa Massachusetts, mama yake Mhawaii. Bibi mzaa mama akamwomba mtoto, akapewa, akamlea mpaka alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, ndipo bibi akafariki. Ni miaka michache mno. Walakini katika miaka hiyo bibi, ambaye alikuwa stadi wa ngoma za jadi, alimtia kichwani nyimbo, dua na masimulizi kwa lugha safi ya Kau. Mtoto huyo ndiye Mary Kawena Pukui. Alipokuwa msichana wa shule aliadhibiwa kwa sababu alimjibu mwenzake mgeni kwa Kihawaii. Baadaye akafanya kazi katika jumba la makumbusho la Bishop, mjini Honolulu, akazunguka visiwani akiwahoji wazee na kutia sauti zao katika mitambo. Mwaka 1957 yeye na mwenzake Samuel Elbert walitoa kamusi ya Kihawaii ambayo wanafunzi hawawezi kuiacha hata sasa. Mwaka 1983 ikapigwa chapa mikusanyo yake ya methali, karibu 3,000. Alifariki mwaka 1986, akawa amewahi kuona mwanzo wa mambo tutakayoyaeleza mbele.

Sasa mtu atauliza: Ikiwa walikuwa na desturi njema ya kurithisha, walipotewaje?

Msiba wa kwanza ulikuwa maradhi. Nahodha James Cook wa Uingereza alifika mwaka 1778, na nyuma yake zikafuata merikebu nyingi, pamoja na magonjwa ambayo wenyeji hawakuyazoea. Taifa ambalo wataalamu wengi hulikadiria kuwa lilikuwa la watu laki tatu au zaidi, mwishoni mwa karne iliyofuata lilikuwa na watu wapata 40,000 tu. Wazee walikufa kabla hawajamaliza kufundisha, na watoto walikufa kabla hawajamaliza kujifunza.

Mwaka 1820 walifika wamisionari kutoka Boston. Pamoja nao alikuwako kijana mpiga chapa, Elisha Loomis, na mtambo wake. Tarehe 7 Januari 1822 karatasi ya kwanza ilipigwa chapa Honolulu, na chifu Keeaumoku mwenyewe alivuta mkono wa mtambo. Kihawaii kikapewa herufi kumi na mbili tu, ambazo watu walizishika upesi ajabu. Mwaka 1831 zilikuwako shule zaidi ya elfu moja na wanafunzi wapata 52,000, wengi wao watu wazima, wazee na wajukuu wakisoma kitabu kimoja. Mwaka 1834 shule ya Lahainaluna, katika kisiwa cha Maui, ilitoa gazeti la kwanza kwa lugha ya wenyeji, na mwaka 1839 Biblia nzima ikawa imekwisha kutafsiriwa. Tangu hapo Wahawaii wenyewe wakawa waandishi. Katika magazeti yao waliandika hadithi za kale, nasaba, maombolezo, mabishano ya siasa na habari za uvuvi. Kutoka mwaka 1834 hata 1948 yalitokea magazeti karibu mia moja, yenye kurasa zaidi ya 125,000. Gazeti hili mlishikalo limezaliwa na kazi ya namna ile ile, basi hatuwezi kuyataja hayo bila furaha.

Lakini haifai kueleza upande mmoja tukauficha wa pili. Malkia Kaahumanu, aliyebatizwa mwaka 1825, alitoa amri mwaka 1830 kwamba hula isichezwe hadharani, naye aliitoa kwa kuyafuata mafundisho ya wamisionari. Wao waliona katika ngoma ile ibada ya miungu na uasherati. Hawakuona, au hawakupewa nafasi ya kuona, kwamba hula ilikuwa pia maktaba ya watu wasiokuwa na vitabu. Kila mkono uinuliwao una neno lake, na katika maneno hayo mlikuwa na nasaba za wafalme, safari za mababu, majina ya milima na ya mito. Kuizuia hula ilikuwa kufunga mlango wa maktaba hiyo. Haikufa, kwa sababu katika mabonde ya mbali jamaa waliendelea kuifundisha kimya kimya, na mwaka 1883 mfalme Kalakaua aliirudisha mbele ya watu wote katika sherehe za kutawazwa kwake. Mcheza hula mashuhuri wa siku za karibu, Iolani Luahine, aliyezaliwa mwaka 1915, alikuwa naye mtoto wa hanai. Shangazi ya mzazi wake ndiye aliyemlea na kumfundisha. Edith Kanakaole wa Hilo alifunzwa na mama yake, akawafunza binti zake, nao wakawafunza watoto wao. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitia sura yake katika sarafu ya robo dola.

Pigo lililoumiza zaidi, kwa maoni yetu, halikutoka kwa maradhi wala kwa amri ya 1830. Mwezi wa Januari 1893 malkia Liliuokalani aliondolewa katika kiti chake na watu wachache wenye mashamba na biashara, wakisaidiwa na askari wa merikebu ya Marekani. Mwaka 1896 serikali mpya ilitoa sheria kwamba shule zote zifundishe kwa Kiingereza, na isiyofanya hivyo haitahesabiwa kuwa shule. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Sheria ile haikukataza mtu kusema Kihawaii jikoni kwake. Walakini mtoto aliyechapwa shuleni kwa ajili ya lugha ya mama yake alikua, akaoa, akapata watoto, naye hakutaka wapatwe na yaliyompata. Akasema nao Kiingereza. Usiku, watoto walipolala, yeye na mkewe walirudi katika lugha yao. Watu wengi wa Hawaii walio wazee leo wakumbuka jambo hilo, kwamba lugha ya kwao waliisikia kupitia ukutani.

Hivyo mnyororo ulikatika kwa mapenzi ya wazazi. Twaomba wasomaji walitafakari hili, maana ni jepesi kuwalaumu watawala, nao walistahili lawama. Lakini mahali penyewe urithi ulipokatika palikuwa mezani pa chakula, kwa mkono wa mtu aliyempenda mwanawe. Yako makanisa ya wenyeji ambayo katika miaka hiyo yote yaliendelea kusoma Biblia na kuimba kwa Kihawaii. Tena kiko kisiwa kidogo cha Niihau, mali ya jamaa moja tangu mwaka 1864, ambako wageni hawaingii ovyo na watu wake hawakuiacha lugha yao hata siku moja. Kwingine kote, karne ya ishirini ilipofika katikati, wajukuu hawakuweza kuzungumza na babu zao isipokuwa kwa lugha ya watu wengine.

Mwanzo wa kurudi ulikuwa mdogo. Mwaka 1972 kijana mmoja mwalimu, Larry Kimura, alianzisha mazungumzo katika redio ya Honolulu, kwa Kihawaii tupu. Kila juma alimwalika mzee mmoja, akamwuliza habari za kijiji chake, chakula, uvuvi, michezo ya utotoni. Wazee waliokuwa wamenyamaza miaka hamsini wakasikia sauti za wenzao, wakapiga simu, wakajadiliana. Kanda za sauti hizo zikahifadhiwa, nazo zimekuwa walimu wa vijana wengi. Mwaka 1978 katiba ya jimbo ikabadilishwa, na Kihawaii kikawa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini lugha haijapata kuokolewa na katiba.

Mwaka 1983 walimu wachache, ambao wengi wao walikuwa wamejifunza lugha ukubwani, walikutana wakafanya chama kiitwacho Aha Punana Leo. Punana leo ni kiota cha sauti. Shauri walilipata kwa Wamaori wa New Zealand, ambao mwaka mmoja mbele walikuwa wameanza kuwaweka watoto wachanga pamoja na wazee wasemao lugha. Kiota cha kwanza cha Hawaii kilifunguliwa mwaka 1984 huko Kekaha, kisiwa cha Kauai, kwa kuwa hapo walikaa watu waliotoka Niihau. Kanuni ilikuwa moja: ukivuka kizingiti hiki, Kiingereza kibaki nje. Asubuhi watoto husimama mlangoni wakaimba wimbo wa kuomba ruhusa ya kuingia, na aliye ndani huwajibu kwa wimbo. Ni kama hodi na karibu ya kwetu, ila yao huimbwa.

Shida zilikuja pande zote. Wazee waliokuwa wakiijua lugha hawakuwa na cheti cha ualimu, na waliokuwa na cheti hawakuijua lugha. Sheria ya 1896 ilikuwa bado haijafutwa sawasawa. Wazazi walikwenda mbele ya baraza la kutunga sheria mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 1986 kizuizi kikaondolewa, na mwaka 1987 madarasa mawili ya Kihawaii yakafunguliwa katika shule za serikali. Vitabu havikuwako. Wazazi na walimu wakakaa usiku wakitafsiri vitabu vya Kiingereza, wakakata vipande vya karatasi na kuvibandika juu ya kila ukurasa, picha zikabaki zile zile na maneno yakawa ya kwao. Mwaka 1999 wanafunzi wa kwanza walimaliza masomo yote, kutoka darasa la chini hata la juu, kwa lugha ya wazee wao.

Walimu watapenda kujua kwamba chama hiki hakikumpokea mtoto peke yake. Mzazi alitakiwa naye ajifunze jioni, na kila mwezi atoe saa kadha za kazi, kufagia, kupika, kutengeneza. Twaona hapa ndipo palipokuwa na hekima. Kama mtoto angalifundishwa shuleni akarudi nyumbani asikute wa kujibizana naye, lugha ingalikuwa somo kama hesabu, akalifaulu na kulisahau. Kwa kuwa baba na mama nao walikuwa wanafunzi, wengine wakiona haya na kukosea mbele ya watoto wao, nyumba ikawa tena mahali pa kusemea. Wako sasa watu waliolelewa katika viota vile, wameoana, na watoto wao Kihawaii ndicho walichoanza nacho. Mambo mapya nayo yakahitaji majina. Kompyuta wakaiita lolouila, yaani ubongo wa umeme. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2016 ilionyesha watu zaidi ya 18,000 wa jimbo lile wasemao Kihawaii nyumbani. Kwa taifa lao ni wachache, na wengi wao si wasemaji wa kuzaliwa. Lakini wakumbukeni wale watoto wasiofika hamsini.

Na zile kurasa 125,000 za magazeti? Zilikaa katika maktaba kama nafaka ghalani, na wenye kuweza kuzisoma wakazidi kupungua. Mwaka 2011 na 2012 watu maelfu, kila mmoja nyumbani kwake au shuleni, walijitolea kunakili kurasa zilizofifia, herufi kwa herufi, ili ziweze kutafutwa kwa kompyuta. Wengi hawakujua maana ya walichokiandika. Walikuwa wakinakili lugha ya bibi zao bila kuifahamu, na twadhani kazi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana.

Habari za bahari tutazisema kwa ufupi, ingawa zastahili makala yake peke yake. Wasomaji wa pwani waijuao ngalawa na matengo yake wataelewa upesi chombo cha Wahawaii, maana ni cha ukoo ule ule wa vyombo. Ila vile vya safari ndefu huwa ni mitumbwi miwili mikubwa iliyoungwa pamoja. Mababu zao walivuka maelfu ya maili kwa kutazama nyota, mawimbi na ndege. Mwaka 1975 chombo cha namna hiyo kilishushwa majini, kikaitwa Hokulea. Chombo kilikuwapo, lakini katika Hawaii nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeijua tena kazi ya kukiongoza bila dira. Wakamwendea Mau Piailug wa Satawal, kisiwa kidogo sana cha Mikronesia. Elimu ile kwa desturi haitolewi kwa wageni, lakini vijana wa kwao walikuwa wameanza kuipuuza, naye aliogopa ingekufa pamoja naye. Tarehe 4 Juni 1976 aliifikisha Hokulea Tahiti, maili 2,500, na watu zaidi ya 17,000 walikuwa pwani wakiwangoja. Mwanafunzi wake Nainoa Thompson aliiongoza safari kama hiyo mwaka 1980. Kati ya 2014 na 2017 Hokulea iliizunguka dunia, ikapita Mauritius, na Novemba 2015 ikatia nanga Cape Town.

Lipo jambo linalowatia wazee wa Hawaii wasiwasi hata sasa. Ardhi na nyumba visiwani zimekuwa za bei kubwa mno, na jamaa nyingi zimehamia bara la Marekani, California na hasa Las Vegas, mji ambao kwa utani huitwa kisiwa cha tisa. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Wahawaii wakaao nje ya Hawaii sasa ni wengi kuliko waliobaki. Huko ugenini nako zimefunguliwa shule za hula, na jioni watoto hujifunza majina ya mvua wasiyopata kunyeshewa nayo. Kisha Agosti 2023 moto uliuteketeza mji wa Lahaina, ukaua watu zaidi ya 100, ukaunguza kanisa la Waiola ambalo karibu nalo wamezikwa watu wa ukoo wa kifalme. Msaada wa kwanza wa wengi ulitoka kwa jirani: wenyeji walifungua vituo vya maji na chakula viwanjani, na mashua zikaleta vitu kutoka pande nyingine za Maui na kutoka Molokai. Mlimani juu ya mji, nyumba ya kale ya kupigia chapa ya Lahainaluna haikuungua. Jamaa waliopoteza nyumba wangali wakiuliza kama wataweza kurudi, au watakwenda bara kama wengine.

Tumebakiza bwawa la Heeia. Katika kisiwa cha Oahu, kwenye ghuba ya Kaneohe, wazee wa zamani walijenga ukuta wa mawe ndani ya bahari, kuta mbili zilizojazwa matumbawe katikati, urefu wa maili moja na robo hivi, ukazunguka maji ya ekari 88. Yakadiriwa kwamba ni kazi ya miaka 600 hata 800 iliyopita. Ukutani mna malango yenye fito zilizosimamishwa karibu karibu. Samaki wadogo hupita, hula na kunenepa ndani, kisha hawawezi tena kutoka. Humo walifugwa mkizi na mwatiko, samaki wanaojulikana vema na wavuvi wa pwani yetu. Mwaka 1965 mafuriko yaliubomoa ukuta, na bwawa likaachwa. Mikoko ikaingia. Kwetu mikoko ni mali, lakini huko ni mgeni aliyeletwa mwaka 1902, na mizizi yake ilipenya kati ya mawe na kuyatenganisha.

Mwaka 2001 vijana wa Kihawaii waliunda chama cha kulirudisha bwawa, kiitwacho Paepae o Heeia. Hawakuajiri kampuni yenye mitambo. Waliwaita watu Jumamosi: shule, makanisa, jamaa nzima nzima pamoja na wazee wao. Walikata mikoko, wakatoa tope, wakapanga mawe bila saruji kwa namna ya kale, ambayo wengi walijifunza papo hapo kwa kukosea na kubomoa. Wazee wasioweza kubeba walikaa kivulini wakisimulia habari za bwawa lilipokuwa na samaki, na watoto walikuwa wakiwasikiliza huku wakichagua vijiwe vya kujazia. Kazi ya namna hii wao huiita laulima, mikono mingi, nasi twaita ujima.

Desemba 2015 pengo la mwisho la mafuriko ya 1965 lilikuwa tayari kuzibwa. Walikuja watu wapata 2,000. Walisimama safu juu ya ukuta kutoka nchi kavu, na mawe yakapita mkono kwa mkono, mtu akimpa aliye karibu naye, mpaka yakafika kwenye pengo. Wengi wa waliosimama pale hawakujuana asubuhi ile. Pengo likafungwa siku hiyo. Ukuta wa namna hii haumaliziki, maana kila mwaka mawimbi hulegeza mawe, na Jumamosi za kazi zimeendelea.